Mashine Iliyokuwa Ikingoja Saa ya Kitale

Mimi ni mtu wa kucheka. Mama yangu husema hata nikiwa mtoto mchanga nilikuwa nacheka na ukuta. Kwa hivyo nikisema kwamba asubuhi ile kule Sirisia niliogopa mpaka magoti yakacheza, ujue si kawaida yangu. Tena sikuwa nimesimama. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi na bado yalicheza.

Kilichonitisha kilikuwa mashine bapa kama sinia ya mandazi, yenye kioo kidogo mbele na kitufe kimoja cha kuzungusha na kubonyeza.

Nafanya kazi kwenye stesheni ndogo ya redio hapa Kitale, orofa ya juu, chini yetu wanauza mbolea na dawa ya kupe. Niliingia pale kama mtu wa kupokea wageni na kuchemsha chai. Shule niliishia kidato cha nne, na alama zangu hazikuwa za kuitia watu karamu. Lakini nilikuwa na ndoto, na bado ninayo: siku moja niwe na studio yangu, yenye dirisha la kioo linaloangalia Mlima Elgon, mtu aimbe ndani na mimi niwe nje na hedifoni nikimwonyesha kidole gumba. Kwa sababu ya hiyo ndoto, chai ikishaiva nilikuwa naenda kukaa nyuma ya fundi wetu na kuangalia mikono yake.

Fundi ni mtu wa Bungoma, mpole, anapenda sukari nyingi. Alinieleza ile mashine bila kuniringia. Kazi yake ni kulainisha sauti. Mtu akipayuka inamshusha, akinong'ona inampandisha, ili msikilizaji wa nyumbani asikimbie redio kila saa kupunguza na kuongeza. Nyuma yake sauti hutokea milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa zamani, sauti inatoka vile ilivyo, kama maji kwa mfereji, inaenda kwenye spika na hedifoni. Mlango wa pili ni wa dijitali. Hapo sauti inatoka ikiwa imegeuzwa namba, namba nyingi ajabu, na zote lazima zitembee mguu mmoja kama watoto wa shule kwenye gwaride. Sasa gwaride lazima lipigiwe ngoma. Hiyo ngoma mafundi wanaiita saa. Mashine inaweza kujipigia yenyewe, hiyo ni saa ya ndani, au inaweza kungoja kupigiwa na mashine nyingine, hiyo ni saa ya nje. Pale studio kuna mashine moja kubwa inayopigia wenzake wote, kwa hivyo hii yetu ilikuwa imewekwa saa ya nje, na haikuwa na taabu yoyote.

"Angalia, lakini usiguse, dada," fundi alikuwa akiniambia. "Hapa ni hatali."

Alisema hivyo kwa sababu ukibadilisha saa wakati sauti inapita, mashine inashtuka na milango yote miwili inapiga tak, kama mtu amevunja kijiti sikioni mwako. Na mstari unaofuata saa, kwenye kile kioo, ni wa mlio wa kujaribu. Ukiteleza ukabonyeza huo, spika zinalia piii bila huruma. Iliwahi kutokea tukiwa hewani. Mtangazaji alirusha hedifoni mpaka dirishani.

Nyumba ya pili kutoka kwetu anakaa bibi mmoja wa Kibukusu. Wazazi wangu walitoka upande wa kati wakaja Trans-Nzoia kulima viazi kabla sijazaliwa, na nyumbani tunaongea Kikuyu, lakini huyo bibi mimi namwita kukhu, vile watu wa kwao wanavyomwita nyanya. Yeye ndiye alinishika mama akiwa sokoni. Uji wake niliunywa kuliko wa kwetu.

Mwaka huu kukhu aliteleza kwenye matope akavunjika mguu. Akafungwa plasta mpaka juu ya goti na daktari akakataa asafiri. Kabla plasta haijatolewa, kaka yake wa pekee akafa huko kwao Sirisia, upande wa Bungoma. Mazishi yakapita bila yeye. Nilienda kumfariji na nilidhani nitamkuta akilia mazishi. Hapana. Alikuwa analia kumuse.

Mimi sikuwa najua vizuri kumuse ni nini, ikabidi anieleze. Mzee wa heshima akishazikwa, siku chache baadaye anakuja mtu wa kusema na waliobaki. Si mtu yeyote. Ni wa koo fulani, amezaliwa na hiyo kazi. Watu wanakaa chini pande mbili, wanaacha njia katikati, na yeye anatembea kwenye hiyo njia akienda na kurudi, anasema watu walitoka wapi, nani alimzaa nani, marehemu alikuwa nani, na waliobaki waishi vipi. Anasema mara moja tu. Asiyekuwepo amekosa, na hakuna siku nyingine.

Nikamwambia nitaenda, nisikilize, nije nimsimulie. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nikimwaga uji.

"Utasimulia nini na hujui lugha? Usiniletee vile ulivyosikia. Niletee yeye mwenyewe akisema."

Nilienda kwa bosi siku hiyo hiyo na nadhani nililia kidogo mezani kwake. Tuna wasikilizaji wengi upande wa Bungoma, kwa hivyo hakukataa. Familia ikakubali. Kifungua mimba wa marehemu akaenda kumuuliza msemaji mwenyewe, naye hakuwa na neno, alisema tu mashine zikae chini kama watu wengine. Kukhu akanunuliwa betri mpya za redio. Mjukuu wake, msichana wa rika langu anayemwangalia, aliniambia alilala akiikumbatia.

Tuliondoka Kitale mapema kwa pikapu ya stesheni. Tulikuwa tumeijaribu mashine studio na ilikuwa safi kabisa. Fundi aliifungua pale, akaifunga kwenye blanketi, tukaenda zetu tukipiga hadithi, na nilipoona watu wa Chwele wakipanga vitunguu barabarani nilikuwa bado nacheka.

Boma lilikuwa limejaa. Kwa sababu ya netiwaki fundi aliegesha pikapu nje, nyuma ya ua, mahali simu yake ilionyesha nguvu, na kisanduku cha kutuma sauti Kitale kikabaki humo ndani ya gari. Waya mmoja mrefu ukapita chini ya ua mpaka kwenye mlango wa dijitali wa mashine yetu, ambayo tuliiweka juu ya kigoda, karibu na kina mama. Mimi nikakaa kando yake na hedifoni. Spika mbili zikasimamishwa kila upande kwa sababu watu walikuwa wengi. Kifungua mimba alikuwa ameenda kumfunga msemaji maiki ndogo ya nguoni kwenye nyumba ya jirani alikolala.

Aliporudi aliniinamia akanieleza sheria. Akishaanza, hakuna kuinuka, hakuna kuvuka njia yake, hakuna kuongea.

"Hata kama ni siafu," akasema, "unaumwa ukiwa umekaa."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamuuliza, je, mtu akimkatiza?

"Hakatizwi," akasema.

Nikataka kuuliza tena, lakini uso wake ulikuwa umefunga. Baadaye mama mmoja aliyekuwa karibu nami alinong'ona kwamba anayemkatiza huwa hafiki mbali, na kwamba boma lenyewe linabaki na kitu. Hakusema kitu gani. Nilitamani angesema, kwa sababu mimi mwenyewe nilianza kukijaza kichwani.

Na hapo ndipo msemaji akaingia. Hakuna aliyemtangaza. Tulikuwa tumedhani tuna muda wa kuwapigia Kitale simu na kujaribu, lakini kumuse haina ratiba ya redio. Nilisikia kina mama wakinyamaza kutoka mwisho mmoja kuja kwangu, kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Kila mtu akakaa pale pale alipokuwa. Fundi alikuwa nje kwenye pikapu. Akabaki nje.

Msemaji alikuwa mwanamume mrefu, si mzee sana, amevaa kofia ya ngozi, ana fimbo. Alianza upande wa ghala la mahindi, akatembea polepole mpaka jikoni, akageuka. Sauti yake kwenye hedifoni zangu ilikuwa nzuri mpaka nikafunga macho. Nilisikia mpaka ngozi ikisugua maiki. Nikamwaza kukhu kitandani. Nikajiona mtu wa maana.

Simu ikatetemeka mapajani.

Ilikuwa ujumbe wa fundi. Aliandika kwamba Kitale hawapati kitu, kimya kitupu, na bosi ameweka nyimbo. Kisanduku kwenye gari kinaonyesha hakuna saa. Wakati tunatoka studio hatukubadilisha. Mashine bado iko saa ya nje.

Nilielewa mara moja, na afadhali nisingeelewa. Mlango wa zamani haungoji ngoma ya mtu, ndiyo maana spika na hedifoni zilikuwa zinaimba. Lakini ule wa dijitali ulikuwa umesimama na namba zake zote, unangoja kupigiwa na mashine iliyobaki Kitale. Ungengoja mpaka jioni.

Ujumbe wa pili: "Ni wewe uko karibu. Mimi siwezi kuingia."

Wa tatu: "Pole pole. Ukiteleza spika zitalia."

Kisha ukaja mwingine, huu wa mjukuu wa kukhu. Alisema kukhu anauliza mbona anapigiwa kwaya, na kwamba anampiga na mkono amwambie redio imeharibika au ni vipi.

Sijui kama umewahi kuwa mahali ambapo kufanya kitu ni vibaya na kutofanya ni vibaya pia, na watu wote wameketi kimya wakitazama mbele. Nikibonyeza, itapiga tak katikati ya maneno yake, kwenye spika zote, na nitakuwa nimemkatiza. Mimi, msichana wa watu wengine, nisiyejua hata salamu yao sawasawa. Nikiteleza mstari mmoja, itakuwa piii, na hapo sikutaka hata kufikiria. Nisipobonyeza, huyu mtu atamaliza, atasema mara yake moja, na kukhu atakuwa amesikiliza kwaya.

Jasho likanitoka mikononi. Nikafuta kwenye sketi. Nikaangalia kama naweza kuzima spika kwanza, lakini kizima spika kilikuwa upande wa pili wa njia yake, na njia yake haivukwi.

Nikaanza kuzungusha kitufe. Kila hatua ya kile kitufe ina kimlio kidogo, tik, ambacho studio husikii kabisa. Pale nilikisikia kama nyundo. Mama wa kando, yule wa kunong'ona, aliona mkono wangu unasogea. Akaweka mkono wake juu ya goti langu na kulibana. Hakunitazama. Alinibana tu, na nikajua ananiambia niache.

Sikuacha. Nikafika kwenye neno la milango ya sauti, nikabonyeza. Nikafika dijitali, nikabonyeza. Nikashuka mpaka saa. Kioo kikaniuliza, nje au ndani. Chini yake ule mstari wa mlio umekaa tu kama nyoka chini ya jiwe. Nikasema moyoni, ngoja afike jikoni. Nilikuwa nimeona kwamba kila akifika pale anageuka, anagonga fimbo chini, anavuta pumzi. Hapo katikati ya fimbo na pumzi kuna nafasi. Nitabonyeza hapo.

Akafika jikoni. Akageuka. Fimbo ikagonga. Nikabonyeza.

Lakini safari hiyo hakuvuta pumzi. Aliendelea na neno, na tak ikalipiga lile neno katikati.

Akanyamaza.

Boma lote likawa kimya mpaka nikasikia kuku akichakura nyuma ya jikoni. Msemaji alisimama palepale, ananipa mgongo wa upande, hakugeuza kichwa. Mkono uliokuwa kwenye goti langu ukaondoka. Hilo ndilo liliniumiza kuliko yote, kwamba ule mkono umeondoka. Nilimwaza mama yangu akiuza viazi bila kujua mtoto wake amefanya nini kwenye boma la watu. Nilitaka kuinuka nikimbie, na kuinuka ndiyo hasa ilikatazwa, kwa hivyo nikakaa na woga wangu kama mtu aliyefungwa na kamba.

Kisha akasema maneno machache, kwa sauti ya chini. Watu pande zote mbili wakatoa sauti moja, mmm, fupi. Sikujua ni mmm ya hasira au ya nini. Sijui lugha. Akagonga fimbo, akaanza kutembea tena, akasema, akasema, kama hakuna kilichotokea.

Simu ikatetemeka. Fundi: "Imeshika. Kitale wanapata."

Sikufurahi hata kidogo. Nilibaki kutazama taa ndogo za kijani za ile mashine, sasa inajipigia ngoma yake yenyewe, na nikawa naogopa izimike, naogopa isizimike, naogopa amalize aje kwangu. Siafu halisi wangepita juu yangu nisingejua.

Alipomaliza hakuja kwa mtu yeyote. Alishika njia akaondoka bila kuaga na bila kutazama nyuma, ndivyo inavyofanywa, na kifungua mimba akamfuata mbio kuchukua maiki. Watu wakaanza kuinuka na kupangusa nyasi. Nilimwuliza yule mama alisema nini pale aliponyamaza.

"Si una bibi yako huko?" akasema. "Muulize yeye. Alikuwa anasikia, ama?"

Akaenda zake jikoni.

Kurudi Kitale hatukupiga hadithi. Fundi aliniomba msamaha, nikamwambia hakuna neno, na wote wawili tulikuwa tunaangalia barabara. Ng'ombe akivuka mbele yetu nilikuwa nashika mlango. Nilikuwa nimeamini kabisa kwamba hatutafika mbali, vile nilivyoambiwa. Tukafika. Hiyo haikuniondolea woga, ilinibadilishia tu. Sasa nilimwogopa kukhu, kwa sababu yeye ni mwenyewe wa hiyo mila, na kama nimeharibu, yeye ndiye atajua nimeharibu kiasi gani.

Nilipoingia jua lilikuwa bado liko juu. Nilizoea kumkuta amelala chali na mguu wake juu ya mto. Alikuwa amekaa. Mgongo ukutani, leso kichwani, mguu wa plasta umenyooshwa mbele kama bomba, redio imezimwa iko mapajani. Mjukuu wake alinionyesha kwa macho kwamba yeye hakuhusika.

Nikabaki mlangoni.

"Mbona alikuwa amenyamaza?" kukhu akauliza, hata salamu bado. "Kwaya ilikatika, halafu nikasikia kimya. Lakini kimya cha kwetu. Nilimsikia mpaka kuku."

Sikuweza kudanganya, mdomo wangu haukuwa na nguvu ya hiyo kazi. Nikamwambia ni mimi. Nikamweleza saa ya nje na saa ya ndani, tak, fimbo, na vile nilivyomkatiza neno. Nikamwambia kama kuna kitu kimebaki kwa boma la kaka yake, kimeletwa na mkono wangu huu.

Akaitoa redio mapajani akaiweka kando ya mto.

"Unajua alisema nini?" akauliza.

Nikatikisa kichwa.

"Alisema, wale wa mbali wamefika sasa. Wakae." Akagonga plasta yake kidogo na kidole. "Ilikuwa ndiyo maneno ya kwanza kutoka kwa hii ledio. Mimi nilikuwa nimelala hapa. Nikasema, huyu mtu ananiona? Nikamwambia huyu msichana aniinue. Mtu hasikilizi kumuse amelala."

Hapo ndipo nililia, na kukhu akaniacha nilie, kisha akaniita kitandani kwake akasema nimwambie sasa yaliyosemwa kabla ya hiyo tak yangu, kwa maana mwanzo hakuupata. Nikamwambia kukhu, si wewe mwenyewe ulisema sijui lugha. Akasema masikio si ninayo, niseme tu vile ilivyolia. Nikajaribu. Nilikumbuka jina moja lililokuja mara nyingi akielekea jikoni, nikalitamka vibaya. Akacheka mpaka akashika mguu. Akalirekebisha. Huyo ni baba ya babu yetu, akasema, na aliyemfuata alikuwa fulani, na huyo akazaa fulani na fulani. Akaonya kwamba yeye si mwanamume wa kufanya kumuse, ananitajia tu watu wa kwao. Nikimpa kipande cha sauti, yeye ananipa mtu mzima.

Tulienda hivyo, mjukuu akatuletea chai, mpaka tukamfikia baba yake, kisha kaka yake. Akataka kujua msemaji alikuwa amefika wapi nilipobonyeza. Nikamwambia alikuwa amegeuka jikoni, amegonga fimbo, ameanza neno, na ile nusu ya neno nikaitamka. Kukhu akaitafuta midomoni mwake, akaijaribu mara mbili kwa sauti ya chini, kisha akaimalizia. Lilikuwa jina la kukhu mwenyewe.